Haibaneti kwenye Ubuntu 24.04: laptopu inajizima vizuri, ikiwashwa inaanza upya badala ya kuamka

bawabu_wa_shell

Wakuu, heshima kwenu.

Nina laptopu ya Intel kizazi cha 8, RAM 16 GB, SSD ya NVMe, Ubuntu 24.04 peke yake bila Windows. Inawaka kwa UEFI, Secure Boot imezimwa, mfumo wa mafaili ni ext4 na diski haijasimbwa. Faili la swapu (nafasi ya diski inayosaidia RAM) nimelikuza hadi 18 GB hivi:

```
sudo swapoff /swap.img
sudo rm /swap.img
sudo fallocate -l 18G /swap.img
sudo chmod 600 /swap.img
sudo mkswap /swap.img
sudo swapon /swap.img
```

Nikitoa amri ya haibaneti (kulala diskini: RAM inaandikwa kwenye diski, kisha mashine inajizima), yaani `systemctl hibernate`, skrini inazimika, taa ya diski inamemeta kidogo, mashine inajizima kabisa bila kosa lolote. Nikiiwasha, GRUB (kipakiaji cha mfumo) inapita na unakuja ukurasa wa kuingia kana kwamba niliizima kawaida. Madirisha yote yamepotea. Kulala kwa kawaida, kule ambako RAM inabaki na umeme, hakuna tatizo.

Vielelezo:

```
$ cat /proc/cmdline
BOOT_IMAGE=/boot/vmlinuz-6.8.0-45-generic root=UUID=3f6c1b0e-7a52-4d19-9c84-51e2d0a7b6f3 ro quiet splash

$ cat /sys/power/disk
[platform] shutdown reboot suspend test_resume

$ swapon --show
NAME      TYPE SIZE USED PRIO
/swap.img file  18G   0B   -2

$ journalctl -b | grep -i swapon
swapon[402]: swapon: /swap.img: software suspend data detected. Rewriting the swap signature.
```

Je, hii ni SSD inapoteza data, ni draiva ya picha, au kuna mpangilio umekosekana? Na kama umekosekana, mbona ilikubali kulala?

---

mzee_wa_dmesg

Mkuu, umefanya vema kuleta logi, maana huo mstari wa mwisho unamaliza nusu ya ubishi. `swapon` inasema imekuta data ya kulala ndani ya `/swap.img`, ikaandika alama ya swapu upya juu yake. Kwa hiyo nakala ya RAM iliandikwa salama na ilikuwa bado ipo mashine ilipowaka, hakuna aliyeisoma. SSD na draiva ziache kwanza. Keneli (kiini cha Linux) haikufika hata hatua ya kujaribu kuamka.

Mwendo wenyewe uko hivi. Wakati wa kulala, keneli inagandisha programu, inanakili RAM, inaibana na kuiandika kwenye swapu, kisha inabadilisha alama iliyo mwishoni mwa ukurasa wa kwanza wa swapu: `SWAPSPACE2` inageuka kuwa `S1SUSPEND`. Wakati wa kuwasha, initramfs (mfumo mdogo unaopakiwa kwanza wakati wa kuwasha) ndiyo inayopaswa kuiambia keneli iitafute alama hiyo kwenye patisheni gani na kuanzia ukurasa wa ngapi, tena kabla `/` haijapandishwa. Keneli ikiikuta, inairudisha alama ya kawaida papo hapo, halafu ndipo inaanza kupakia. Ndiyo maana nafasi ya kuamka ni moja tu. Ikikwama katikati ukazima kwa kitufe, utakapowasha tena hakuna cha kuamsha.

Sasa, kwa nini ilikubali kulala? Hapa systemd 255 (msimamizi wa huduma za mfumo) inawachanganya wengi. Kwenye mashine ya UEFI inatafuta swapu inayotosha, inakokotoa ofseti (mahali faili la swapu linapoanzia) yenyewe, inaiandika ndani ya `/sys/power/resume` na `/sys/power/resume_offset`, kisha inaacha maelekezo kwenye kigeu cha UEFI kinachoitwa `HibernateLocation`. Maelekezo hayo yanasomwa na initramfs iliyojengwa juu ya systemd. Ya kwako imejengwa na initramfs-tools, nayo haiyatazami kabisa. Barua imeandikwa vizuri, ila ipo kwenye sanduku ambalo hakuna anayelifungua. Mashine ya BIOS ya zamani isingekupa hata nafasi hiyo: systemd hiyohiyo ingekataa kulala mpaka uweke `resume=`.

Dawa ni kuiambia keneli wewe mwenyewe. Unahitaji vitu viwili.

Cha kwanza ni UUID (namba ya utambulisho) ya mfumo wa mafaili ambamo faili la swapu limekaa:

```
findmnt -no UUID -T /swap.img
```

Angalia hapa. `mkswap` nayo ilikuchapishia UUID ulipoiendesha. Hiyo siyo. Kwa faili la swapu, `resume=` inataja patisheni iliyobeba faili, na kwako itakuwa ileile ya `root=`. UUID ya mkswap inatumika pale tu swapu inapokuwa patisheni nzima, na hapo ofseti haihitajiki.

Cha pili ni ofseti, yaani mahali faili linapoanzia ndani ya patisheni:

```
$ sudo filefrag -v /swap.img | head -n 5
Filesystem type is: ef53
File size of /swap.img is 19327352832 (4718592 blocks of 4096 bytes)
 ext:     logical_offset:        physical_offset: length:   expected: flags:
   0:        0..   32767:   11374592..  11407359:  32768:
   1:    32768..   65535:   11440128..  11472895:  32768:   11407360:
```

Unachukua namba ya kwanza kabisa ya `physical_offset` kwenye mstari ulioandikwa `0:`, bila zile nukta. Kwenye mfano huu ni 11374592. Ya kwako itakuwa nyingine. Faili kukatika vipande si tatizo, keneli inavifuata yenyewe. Ofseti inahesabiwa kwa kurasa za baiti 4096, na ext4 karibu kila mara ina bloku za baiti 4096, kwa hiyo namba inaingia ilivyo. Mstari wa pili ukisema `blocks of 1024 bytes`, igawe namba hiyo kwa 4 kwanza.

Kabla ya kugusa GRUB, ihakikishe namba yako. Jaribio hili linasoma tu, halidhuru kitu (weka patisheni yako na ofseti yako):

```
sudo dd if=/dev/nvme0n1p2 bs=4096 skip=11374592 count=1 status=none | tail -c 10
```

Ikichapa `SWAPSPACE2`, ofseti ni sahihi na patisheni ni sahihi. Ikichapa takataka au ukimya, kimoja kati ya hivyo viwili kimekosewa, na hakuna haja ya kuendelea mpaka ukipate.

Baada ya hapo, kwenye `/etc/default/grub`:

```
GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT="quiet splash resume=UUID=3f6c1b0e-7a52-4d19-9c84-51e2d0a7b6f3 resume_offset=11374592"
```

Na kwenye `/etc/initramfs-tools/conf.d/resume` (kama halipo, liunde) weka mstari mmoja:

```
RESUME=UUID=3f6c1b0e-7a52-4d19-9c84-51e2d0a7b6f3
```

Kisha:

```
sudo update-grub
sudo update-initramfs -u -k all
sudo reboot
```

Baada ya kuwaka, usikimbilie kulala. Kagua kwanza kwamba keneli imekuelewa:

```
cat /sys/power/resume
cat /sys/power/resume_offset
lsblk -o NAME,MAJ:MIN,FSTYPE,MOUNTPOINTS
```

`/sys/power/resume` inatoa namba mbili kama `259:2`. Zilinganishe na safu ya `MAJ:MIN` ya patisheni yako. Ikiwa ni `0:0`, vigezo havikufika. Ofseti ikiwa 0 wakati unatumia faili, keneli itakwenda kuchungulia mwanzo wa patisheni, ikose alama, na kwenye logi utaona `Image not found (code -22)`. Logi ikiwa kimya, ongeza `pm_debug_messages` kwenye vigezo vya keneli, inasema mengi zaidi.

Vilevile, kuwasha kukichelewa na ukaona `Gave up waiting for suspend/resume device`, UUID uliyoiandika haipo kwenye mashine. Hilo huwapata sana wenye patisheni ya swapu waliosakinisha Linux ya pili kando: kisakinishi kinaifomati swapu upya, UUID inabadilika, ile ya kwanza inabaki kutafuta jina lililokufa.

---

Chausiku_sysadmin

Nakubaliana na mzee hapo juu. Nitaongeza kwa watakaoukuta uzi huu wakiwa na mpangilio mwingine, maana amri za ext4 zikinakiliwa kwenye Btrfs (mfumo mwingine wa mafaili) zinaleta balaa.

Kwenye Btrfs usitumie `filefrag`. Namba inayotoa ni ya anwani za ndani za Btrfs, siyo mahali halisi kwenye diski. Tumia:

```
sudo btrfs inspect-internal map-swapfile -r /swap/swapfile
```

Jibu linakuja tayari kwa hesabu ya kurasa, liweke kama lilivyo. Faili lenyewe liundwe kwa `btrfs filesystem mkswapfile --size 18g /swap/swapfile` (btrfs-progs 6.1 kwenda mbele), likae kwenye sabvoliumu yake ili usije ukalipiga snapshoti.

Diski iliyosimbwa kwa LUKS: `resume=` itaje kilicho ndani baada ya kufunguliwa, yaani `/dev/mapper/jina` au UUID ya mfumo wa mafaili wa ndani. UUID ya LUKS yenyewe haifai. Kufungua lazima kutangulie kuamka; kwenye Arch hilo linaonekana kwenye mpangilio wa HOOKS ndani ya `mkinitcpio.conf`, `resume` ikae baada ya `encrypt` na `lvm2`, kabla ya `filesystems`. Ukitumia hook ya `systemd` badala ya `udev`, `resume` haihitajiki, na hapo ndipo kile kigeu cha `HibernateLocation` kinapofanya kazi.

Kisha fungua `/etc/crypttab` (orodha ya diski zilizosimbwa). Ukikuta swapu ina `/dev/urandom` (chanzo cha namba za nasibu), ufunguo wake unazaliwa upya kila kuwasha. Nakala ya RAM iliyoandikwa kwa ufunguo wa jana haisomeki leo, na hakuna kigezo cha keneli kitakachobadilisha hilo. Tengeneza swapu yenye ufunguo wa kudumu. Usikimbilie kuiacha wazi bila kusimbwa: ndani ya nakala hiyo kuna kila kilichokuwa kwenye RAM, nywila na funguo za diski nyingine zikiwemo.

Fedora: `swapon --show` itakuonyesha `/dev/zram0`. Hiyo ni swapu ndani ya RAM, haiwezi kubeba haibaneti. Ongeza ya diskini, weka vigezo kwa `grubby --update-kernel=ALL --args="..."`, andika `add_dracutmodules+=" resume "` kwenye faili ndani ya `/etc/dracut.conf.d/`, halafu `dracut -f` (dracut ndiyo inayojenga initramfs huko).

Na Secure Boot. Muulizaji ameizima, lakini wengi wanaikuta imewashwa: keneli za Ubuntu na Fedora zinajifunga na kukataa haibaneti kabisa. Dalili ni `/sys/power/disk` kuonyesha `[disabled]`, na dmesg (logi ya keneli) kusema `hibernation is restricted`. Thibitisha kwa `mokutil --sb-state` na `cat /sys/kernel/security/lockdown`. Hilo ni kukataa kulala tangu mwanzo, lisichanganywe na kushindwa kuamka.

---

bawabu_wa_shell

Asanteni sana. Jaribio la `dd` limenipa `SWAPSPACE2`, `/sys/power/resume` inasema `259:2` na ofseti inalingana. Sasa inaamka nusu. Nimeondoa `quiet splash` ili nione maandishi: inapata nakala, inapakia mpaka asilimia 100, kisha skrini inakuwa nyeusi moja kwa moja. Feni inazunguka, Caps Lock haiwaki, Ctrl+Alt+F3 hakuna kitu. Inabidi kushikilia kitufe cha umeme.

Kadi ya picha ni ya Intel iliyo ndani ya prosesa, hakuna nyingine. Swapu ya 18 GB inatosha kwa RAM 16?

---

mzee_wa_dmesg

Swapu inatosha. `/sys/power/image_size` kwa kawaida ni mbili ya tano ya RAM, na keneli inajitahidi nakala isizidi hapo. Lakini kumbuka kurasa zilizokwisha kusukumwa kwenye swapu nazo zinakula nafasi hiyohiyo, ndiyo maana tunashauri swapu isipungue ukubwa wa RAM. Ingekuwa ndogo ungekwama wakati wa kulala, kwa ujumbe wa nafasi kutotosha.

Sasa umeingia kwenye tatizo la pili, nalo ni la aina nyingine kabisa. Keneli iliyowasha mashine imesoma nakala yote, imevilaza vifaa ilivyokuwa ikivitumia, ikairukia keneli iliyo ndani ya nakala. Hiyo ya ndani ndiyo inapaswa kuviamsha vifaa, na imekwama hapo. Mkosaji ni draiva fulani au fimuwea ya mashine (programu yake ya ndani, yaani BIOS/UEFI). Usibahatishe, keneli ina ngazi zake za kupima, na hazihitaji kuzima mashine. Hifadhi kazi zako, halafu:

```
sudo -i
sync
echo platform > /sys/power/disk
echo freezer > /sys/power/pm_test
echo disk > /sys/power/state
```

Itafanya hatua za kulala mpaka ngazi hiyo, isubiri sekunde 5, irudi. Ikirudi salama, badilisha `freezer` kuwa `devices`, kisha `platform`, `processors` na `core`, moja baada ya nyingine kwa mpangilio huo. Ngazi ya kwanza kukwama ndiyo yenye ugonjwa:

`freezer` ikikwama, kuna programu au uzi wa keneli unaokataa kuganda. Dmesg itautaja jina. Mafaili ya mtandao yaliyopandishwa, NFS hasa, ni mshukiwa wa kawaida.

`devices` ikikwama, ni draiva. Hapo unaondoa moduli (draiva zinazopakiwa kwenye keneli) nusu kwa nusu, unapima tena, mpaka ibaki moja.

`platform` ikikwama, ni fimuwea, yaani ACPI (sehemu yake inayosimamia umeme) ya mashine yako.

`processors` na `core` ni nadra kukwama kama zilizotangulia zimepita.

Ukimaliza, rudisha `echo none > /sys/power/pm_test`. Watu wanasahau hili, halafu wanalalamika kwamba haibaneti "inarudi yenyewe baada ya sekunde 5".

Pima pia mzunguko mzima wa kuandika na kusoma bila kuzima:

```
echo test_resume > /sys/power/disk
echo disk > /sys/power/state
```

Hii inaandika nakala kweli kwenye swapu, inaisoma hapohapo na kuirukia. Ikifaulu, diski, ofseti na draiva nyingi ziko salama. Haigusi fimuwea, kwa hiyo `pm_test` ya `platform` ikikwama huku hii inapita, jibu limejitaja lenyewe.

Wenye NVIDIA na draiva yake ya kampuni wasome hapa: skrini nyeusi baada ya asilimia 100 mara nyingi kwao ni kumbukumbu ya kadi kutohifadhiwa. Inahitajika `options nvidia NVreg_PreserveVideoMemoryAllocations=1 NVreg_TemporaryFilePath=/var/tmp` ndani ya `/etc/modprobe.d/`, initramfs ijengwe upya, na huduma za `nvidia-suspend`, `nvidia-hibernate` na `nvidia-resume` ziwe zimewezeshwa. `/var/tmp` iwe na nafasi inayozidi kumbukumbu ya kadi, na isiwe tmpfs (mafaili yanayokaa ndani ya RAM). Thibitisha kwa `grep Preserve /proc/driver/nvidia/params`.

---

bawabu_wa_shell

Matokeo:

`freezer` imepita. `devices` imepita. `platform` imekwama, skrini nyeusi ileile mpaka kitufe. `test_resume` imepita, madirisha yote yamerudi.

---

mzee_wa_dmesg

Basi ni fimuwea. Badilisha namna ya kuzima, unda `/etc/systemd/sleep.conf.d/10-haibaneti.conf`:

```
[Sleep]
HibernateMode=shutdown
```

Huhitaji kuwasha upya, systemd inasoma mpangilio huu kila inapolala. Usidhani kwamba hii inagusa kuzima peke yake. Hali ya `platform` inaandikwa ndani ya nakala ya RAM, na keneli inayoamsha inaitii. Ukilala kwa `shutdown`, wakati wa kuamka zile amri za ACPI zilizokukwamisha haziitwi.

Unachopoteza ni fimuwea kutojua kwamba mashine imelala. Kwake imezimwa tu, kwa hiyo usitegemee kuiamsha kwa kibodi au kwa saa ya ndani. Utatumia kitufe cha umeme. Kwa laptopu sioni hasara. Lakini huko ni kulikwepa tatizo, dawa halisi ni sasisho la BIOS. Angalia kwa `fwupdmgr get-updates` kama lipo. Ukilisakinisha, sakinisha mashine ikiwa imewaka kawaida, kamwe usilale kwanza: BIOS mpya inaweza kubadilisha ramani ya kumbukumbu, na keneli ikikuta ramani hailingani na ile ya kwenye nakala, inakataa kuamka. Kuongeza kijiti cha RAM mashine ikiwa imelala kuna matokeo hayohayo.

---

bawabu_wa_shell

Imeamka. Nimerudia na `journalctl` nimefungua, na dirisha la virtual machine pia, vyote vimerudi. Kimebaki kitu kimoja: Wi-Fi baada ya kuamka haioni mitandao mpaka niondoe moduli ya `iwlwifi` na kuirudisha. Na je, inawezekana nikifunga kifuniko ilale kawaida kwanza, halafu ikikaa muda mrefu ijiandike diskini yenyewe? Umeme wa huku haueleweki, betri inaisha ikiwa usingizini.

---

fundi_tarimbo

Kaka, Wi-Fi imalize kwa skripti. Faili `/usr/lib/systemd/system-sleep/wifi-haibaneti`:

```
#!/bin/sh
case "$1/$2" in
  pre/hibernate|pre/suspend-then-hibernate)
    modprobe -r iwlmvm iwlwifi ;;
  post/hibernate|post/suspend-then-hibernate)
    modprobe iwlwifi ;;
esac
```

Ipe `chmod +x`, la sivyo inarukwa kimyakimya. `$1` ni `pre` au `post`, `$2` ni aina ya usingizi. Ukiandika `hibernate` peke yake, usingizi wa hatua mbili hautaingia humo, na utarudi kuuliza kwa nini siku nyingine inafanya kazi na nyingine haifanyi.

Kwa kifuniko, kwenye `/etc/systemd/logind.conf`:

```
HandleLidSwitch=suspend-then-hibernate
```

na kwenye faili lilelile la `sleep.conf.d`, chini ya `[Sleep]`:

```
HibernateDelaySec=45min
```

Usipoweka muda, systemd inakadiria yenyewe kwa kuangalia betri inavyoshuka. Kwa betri iliyochoka mimi nisingeamini makadirio hayo, weka dakika. Mabadiliko ya logind yanaingia ukiwasha mashine upya.

Kabla hujaanza kuitumia kila siku, jambo moja ambalo halijasemwa, nalo ndilo linaloua data. Mashine ikiwa imelala diskini, usipandishe patisheni zake kutoka kwingine: USB ya kuwashia, Linux nyingine, au Windows kwa wenye mifumo miwili. Keneli iliyo ndani ya nakala inaamini diski iko kama ilivyoiacha. Ikiamka na kukuta imeandikwa na mwingine, inaandika juu yake na mfumo wa mafaili unaharibika. Hata kupandisha kwa kusoma tu kwenye ext4 kunaweza kurudia jono (daftari la mabadiliko la mfumo wa mafaili) na kuandika. Ukilazimika kuingia kwa USB, kubali kwamba kikao kilicholala kimekwisha: washa mfumo wako baadaye kwa kuongeza `noresume` kwenye mstari wa GRUB (bonyeza `e`, ongeza mwisho wa mstari wa `linux`, kisha Ctrl+X).

Na mara nyingine ukilikuza au kulihamisha `/swap.img`, au ukihamia SSD nyingine, rudia `filefrag`, rudia jaribio la `dd`, sahihisha GRUB. Kusasisha keneli peke yake hakugusi ofseti, ila baada ya sasisho washa upya kawaida kwanza ndipo ulale.

---

Chausiku_sysadmin

Kwenye hiyo skripti, kama draiva ya Wi-Fi ni ya kampuni nyingine, jina la moduli lipate kwa `lspci -k`, soma mstari wa `Kernel modules`. Wasinakili `iwlmvm` kwenye mashine ya Realtek.

---

bawabu_wa_shell

Skripti imekubali, Wi-Fi inarudi yenyewe. Kifuniko nacho: baada ya dakika 45 imejizima, imeamka vizuri kwa kitufe. `fwupdmgr` imeonyesha sasisho la BIOS lipo. Nikilisakinisha nitarudia `pm_test` ya `platform` na kuleta majibu humu.